Kumpokea kadogo katika atelie: maneno ya fundi mbao wa Uvira

Ukiwa na atelie, yaani karakana, inayojulikana huku kwetu kusini mwa Kivu, Kongo, siku moja watakuja watu wawili wa shirika wakuombe umfundishe kazi kijana aliyetoka kwenye vikundi vya silaha. Watakupa karatasi utie sahihi, watakuahidi mbao kidogo na misumari, na ndani ya robo saa watakuwa wamekwenda. Hawatakuambia kitatokea nini akisikia nyundo. Hayo waliyoyaacha ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa fundi mwenzangu, awe wa mbao, wa cherehani au wa kuchomelea vyuma. Mimi ni wa mbao. Nina meza nne za kazi si mbali na mto Mulongwe, na vijana hawa wamepita mikononi mwangu miaka mingi, wengi wakitoka milima ya Fizi na Itombwe, wengine bonde la Ruzizi.

Huku tunawaita kadogo. Jina hilo lilienea nchi nzima kuanzia 1996, vita vya AFDL, waasi wa Laurent Kabila, vilipowaka huku kwetu na Uvira ikaanguka mwezi wa kumi, halafu watoto waliovaa buti za mpira wakatembea kwa miguu mpaka wakaingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Wale sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Hawa wa leo wengi wametoka kwa Mayi-Mayi, wapiganaji wa vijijini, na si wote waliotekwa njiani. Wapo waliokwenda wenyewe kwa sababu ng'ombe wa nyumbani waliporwa, au kijiji kilichomwa, au mzee wa kijiji alisema kila nyumba itoe mtu. Usimpokee ukiwa na hadithi yake tayari kichwani.

Kabla hajafika, uliza mambo matatu.

La kwanza ni cheti. Mtoto aliyetolewa rasmi kwenye kikundi hupewa karatasi inayosema ametoka. Omba nakala, itie plastiki, iweke kwenye droo pamoja na risiti zako. Atapita askari siku moja, aseme huyu ni muasi, nataka kuondoka naye. Hapo usibishane kwa sauti. Toa nakala, mpigie simu mfanyakazi wa jamii anayemfuatilia, na umkumbushe afande kwa heshima kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na inampa kifungo cha miaka 10 hadi 20 yule anayemwandikisha mtoto jeshini au kwenye kikundi. Mwenye kesi ni komanda wake. Mara nyingi afande ataishia kuomba pesa ya soda.

La pili ni umri. Akiwa chini ya miaka kumi na mitano mimi nakataa, namrudisha kwa shirika, nawaambia huyu ni wa shule. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, ila najua tatizo: kijana wa miaka kumi na minne aliyebeba bunduki hawezi kukaa benchi moja na watoto wa miaka minane bila kuona aibu. Kwa hiyo wasisitizie madarasa ya kufidia muda, yale yanayobana miaka sita ya msingi kuwa mitatu. Yapo, lakini usipouliza hutaambiwa.

La tatu ni mahali anapolala. Kutoka kituo cha muda hupelekwa kwa wazazi, au kwa familia ya kumlea huku wazazi wakitafutwa. Wakikuambia kwamba atalala ndani ya atelie "awe mlinzi pia", kataa. Wanaomtafuta huja usiku, na kijana aliye peke yake kati ya mbao na mlango wa bati huondoka nao kabla hujaamka.

Kisha muulize yeye mwenyewe, shirika likiwa limeshaondoka: unataka mbao? Wengi walipangiwa useremala kwa sababu orodha ilikuwa na nafasi ya useremala. Mmoja aliniambia wazi, "Papa, mimi nataka ziwa." Nilimpeleka kwa shemeji yangu mwenye mtumbwi wa ndagala, na bado yuko majini. Mitaa yetu ina mafundi cherehani wengi kuliko nguo za kushona, kwa sababu kila mradi ulifundisha cherehani. Fundi mzuri anajua kukataa mwanafunzi asiyemfaa.

Siku ya kwanza, usimwulize habari za porini, na uwakataze walio chini yako. Ongea na wanafunzi wengine, na mkeo, na mama anayeleta bukari (ugali) saa sita, kabla hajafika. Swali analoulizwa kila mahali ni moja, "Uliua wangapi?", na akiulizwa siku ya kwanza ataondoka, au atajibu kwa kutaja idadi ya kuwatisha, na hiyo idadi itamfuata mtaani maisha yake yote.

Kuna jambo la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Den Haag ambalo huwa nawasimulia mafundi wanaopenda kuhoji. Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri aliyeshtakiwa kwa kuandikisha watoto, ilipoanza Januari 2009, shahidi wa kwanza alikuwa kijana aliyeletwa kusimulia alivyochukuliwa. Aliongea, baada ya mapumziko akasema si kweli, alifundishwa maneno. Wiki mbili baadaye akarudi na kusimulia tena. Lubanga alikutwa na hatia mwaka 2012, akafungwa miaka 14, lakini majaji hawakuegemea ushahidi wa vijana wale. Waliona watu wa katikati waliowatafuta wangeweza kuwa waliwapanga cha kusema. Wakaegemea mengine, pamoja na video za watoto wakiwa kambini na silaha. Sasa ikiwa majaji wenye makabrasha, wanasaikolojia na mapazia hawakuweza kuutoa ukweli kwa maswali, wewe na kikombe chako cha chai utaupata wapi? Kijana aliyeishi na makomanda anajua kumpa mkubwa jibu ambalo mkubwa analitaka. Akitaka kusema atasema akiwa anapiga msasa, macho yakiwa kwenye ubao. Hapo endelea na kazi yako, itikia kidogo, usiache randa.

Ila jina muulize. Wengi wana jina la vita, na wengine wamelizoea kuliko la nyumbani. "Hapa unataka tukuiteje?" Atakachotaja ndicho hicho, hata kama karatasi ya shirika inasema kingine.

Sasa vifaa. Watu watakuambia ufiche tezo, patasi na panga. Mimi nafanya kinyume: patasi anaishika wiki ya kwanza. Huyu mtoto alikuwa anaaminiwa kushika silaha ya kuua watu kumi. Ukimnyima patasi umemwambia kwamba aliyemheshimu ni komanda peke yake. Kinachotakiwa ni utaratibu usiomhusu yeye tu. Kwenye ukuta wangu nimechora kwa rangi nyeusi kivuli cha kila kifaa: randa mbili, misumeno, nyundo, patasi nne kwa ukubwa wake, koleo, bisibisi, futi ya mbao. Jioni kila mtu anarudisha cha kwake kwenye kivuli chake, na tunasimama wote kuangalia ukuta, mimi pia. Kivuli kikiwa kitupu tunatafuta pamoja kwenye maranda mpaka kionekane. Hakuna anayepekuliwa mfuko. Kabla ya ukuta huu, kila kifaa kilichopotea kilikuwa "kimeibwa na kadogo", hata patasi iliyokutwa chini ya kochi la mteja.

Nyundo ni habari nyingine. Msumari unaopigwa juu ya bati au mbao kavu unalia kama risasi ya mbali, na mtu akiupiga nyuma ya mgongo wa kijana, utamwona ameshuka chini ya meza kabla hujageuka. Wengine watacheka. Mkemee anayecheka, na usimkimbilie aliye chini. Subiri atoke mwenyewe. Meza yake iwekwe ubavuni mwa ukuta, aone mlango na njia. Anayetaka kupiga nyundo aseme kwanza "Napiga!" Kwetu imekuwa desturi, hata wateja wanaisema kwa mzaha. Kazi zake za mwanzo ziwe za msumeno, randa na msasa, zenye sauti inayoendelea. Nyundo ataiomba mwenyewe.

Kazi ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba anaimaliza siku hiyohiyo na kuondoka nayo. Mimi natoa kibao cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Kata kipande cha mkaratusi, kipimwe, kipigwe randa, pembe zizungushwe, kitobolewe tundu la kukining'iniza, kipigwe msasa mara mbili. Fundi mwenye haraka atasema ni kupoteza ubao. Lakini angalia huyu kijana amekuwa akipita mtaani mikono mitupu huku mama wa jirani wanavuta watoto wao ndani. Jioni hiyo anapita na kibao chini ya kwapa, mama mlezi anakitumia kesho yake, na jirani anauliza kimetoka wapi. Nimeona mama mmoja akija na oda ya vibao vinne kwa sababu ya kile kimoja.

Usimpigie kelele, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa mafundi wa zamani wengi tulifundishwa kwa kofi na tunadhani ni sehemu ya ufundi. Kijana huyu kelele anazijua. Ukimfokea atasimama wima, miguu pamoja, atasema "Ndiyo, afande," na atafanya ulichosema bila kufikiri. Utafurahi kwamba ana nidhamu, lakini hajifunzi kitu. Fundi mbao anaamua kila dakika: nyuzi za ubao zinakwenda wapi, randa iingie upande gani, fundo hili nilikwepe au nilipasue. Kwa miaka miwili au mitatu aliyokuwa huko, aliyeamua kitu bila amri aliadhibiwa. Kwa hiyo kila siku mwache na uamuzi mmoja mdogo. Mpe mbao mbili, mwambie achague ya mguu wa meza, kisha akuambie kwa nini. Mwanzoni atakutazama usoni kutafuta jibu. Geuka, nenda ukapime kitu kingine.

Kwa sababu hiyohiyo usimfanye kapita, yaani msimamizi, mapema. Ni rahisi kuvutiwa: anawahi, hachoki, wadogo wanamsikiliza. Mmoja wangu nilimwachia atelie asubuhi moja nilipokwenda kupakua mbao. Niliporudi nilimkuta mwanafunzi mdogo amepiga magoti juu ya maranda, mikono juu, kwa sababu alikuwa amechelewa. Yule mkubwa wala hakujificha, alidhani nitamsifu. Nilimwinua mdogo, nikawaambia wote wawili kwamba hapa anayechelewa anafagia jioni, basi, na kwamba sheria hiyo inanihusu na mimi. Wiki hiyo nilichelewa makusudi nikafagia. Adhabu iandikwe ukutani, iwe ndogo, na iwe sawa kwa wote.

Atalala mchana. Usiku halali, akilala anaota, kwa hiyo saa saba jua likiwa kali utamkuta amelala fofofo juu ya mbao kivulini. Mwache nusu saa. Ukimwamsha, simama mbali umwite jina. Usimtikise bega, hasa akiwa na kifaa karibu. Waambie na nyumbani kwake hivyohivyo.

Halafu kuna dawa. Waliotoka kwa Mayi-Mayi wengi walinyunyiziwa maji na kupewa miiko, ili risasi igeuke maji. Mmoja alikuwa hali sombe, mwingine hapokei chakula kutoka mkononi mwa mwanamke, mwingine hapeani mkono. Usicheke, usihubiri. Jambo hili ni la zamani kuliko yeye na kuliko mimi, waasi wa Simba wa 1964 walikuwa wakikimbilia risasi wakipiga kelele "Mai Mulele!", maji ya Mulele, kiongozi wa uasi. Ndani ya miiko hiyo kuna jambo zito zaidi: aliyekufa huambiwa alivunja mwiko, na kijana wako anaweza kuwa anaamini kwamba rafiki yake alikufa kwa sababu walikula pamoja kitu kilichokatazwa. Chakula kiwekwe mezani, kila mtu ajipakulie. Tatizo la mkono wa mwanamke limekwisha. Mengine waachie wazazi, pasta au wazee wa ukoo wake, na kama wazee wanataka kumwogesha kwa desturi yao kabla hajarudi kijijini, mpe ruhusa ya siku hizo bila kumkata pesa.

Tukija kwenye pesa, lipa kila siku. Mwanafunzi wa kawaida anavumilia mwezi, anapewa ya sabuni, mwisho anapewa zaidi. Huyu alikuwa akisimama kwenye kizuizi cha barabara, ambako kila pikipiki na kila mama mwenye ndoo ya mawese alitoa kitu. Kijana mmoja alitazama faranga nilizompa Jumamosi akasema bila ubaya, "Papa, kule hizi nilikuwa nazipata kabla ya saa tatu asubuhi." Ni kweli, na huwezi kushindana na kizuizi kwa kiasi. Unashindana kwa uhakika: kila jioni, baada ya ukuta wa vifaa, kiasi kilekile, hata mteja asipolipa. Kama huwezi kuhakikisha hivyo, usimpokee kwa sasa. Na shirika lililoahidi posho likichelewa, jambo ambalo limenikuta, mweleze kwamba deni ni la shirika na unachompa ni chako, asije akadhani umekula pesa yake.

Watamwita. Itakuja simu kutoka namba asiyoijua, au mtu wa pikipiki atakayesimama ng'ambo ya barabara bila kushuka. Dalili utaiona kwenye kazi, vipimo vikianza kukosea na simu ikikaa mfukoni imezimwa. Usimkabili yule wa pikipiki, na usimtishie kijana kwa polisi. Mwambie mzazi na mfanyakazi wa jamii siku hiyohiyo, na kama kuna ndugu Bujumbura au Bukavu, akae huko wiki chache kwa kisingizio chochote cha familia. Kamwe usimtume peke yake kununua mbao barabara ya kwenda Fizi. Kwenye vizuizi kuna watu wanaomjua kwa jina lile lingine.

Wasichana wameletwa kwangu wachache sana, na si kwamba walikuwa wachache porini. Wengi hurudi nyumbani kimyakimya bila kupita kituoni, kwa kuogopa kuitwa mke wa askari, na kwa hiyo hawana cheti wala fungu la vifaa. Bosco Ntaganda, komanda wa waasi wa Lubanga, alipohukumiwa huko Den Haag mwaka 2019, miaka 30, kati ya makosa yake yalikuwamo ubakaji na utumwa wa ngono dhidi ya wasichana wadogo wa jeshi lake mwenyewe. Akija msichana, pengine na mtoto mgongoni, mambo mawili: mtoto apate mahali pa kulala penye kivuli mbali na vumbi, na wewe usiwe naye peke yako mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika. Mke wangu ndiye anayemlipa jioni. Wa mwisho niliyekuwa naye anatengeneza fremu za picha na vitanda vya watoto, na mkono wake kwenye msasa ni mzuri kuliko wa kaka zangu.

Mwisho wa mafunzo shirika litaleta sanduku la vifaa, litapiga picha, litaondoka. Masanduku hayo nimeyaona sokoni kabla ya wiki mbili kuisha, na simlaumu aliyeuza. Ana randa lakini hana ubao, hana meza wala mteja. Zungumza na shirika kabla ya siku ya picha, sanduku libaki kwenye atelie yako, kijana afanye kazi kwenye kona ya meza yako kwa vifaa vyake, akuachie sehemu ndogo ya kila oda kama kodi. Vijana watatu wakiungana, masanduku yao matatu yanatosha kufungua banda.

Oda yake ya kwanza kubwa isiwe ya ndugu, ndugu hawalipi. Iwe mlango au kitanda cha mtu unayemjua. Avansi, pesa ya kutanguliza, ipokelewe mbele yako, na siku hiyohiyo, kabla ya kurudi nyumbani, nendeni wote wawili kwa muuza mbao mkainunue mvule yote inayohitajika, na misumari, na gundi, na vanishi. Avansi ikilala mfukoni usiku mmoja, kesho kuna msiba wa shangazi, kuna deni la zamani, kuna rafiki wa kule aliyekuja na njaa, na mteja atakuja kudai mlango wake kwako.